Dirisha Lililoniumbua

Leo sitaandika msimbo hata mstari mmoja. Nataka tuzungumzie madirisha ya ndege za kivita, yale yanayotengenezwa kwa kauri badala ya kioo. Lakini kwanza niungame kosa langu, maana ndilo lililonifikisha huko.

Mwaka jana nilipewa kazi na mwenye kinu cha kusaga unga wa mahindi. Beringi za mota yake zilikuwa zikipata moto kupita kiasi bila mtu kujua. Nikamwahidi kamera ya joto iliyounganishwa na tarakilishi ndogo: beringi ikizidi nyuzi 80, simu yake inapata ujumbe. Kwa vile kinuni vumbi la unga limejaa kila mahali, nikaifungia kamera ndani ya kasha lenye mlango wa kioo safi. Picha ikaonyesha doa la joto katikati. Nikajisemea, ile pale mota.

Doa lile halikubadilika kwa wiki mbili, mota iwe inazunguka au imezimwa. Mimi nikalaumu programu yangu. Nikaandika upya hesabu za kusawazisha vipimo, nikaongeza vichujio, na mteja akanilipia kila saa. Kisha usiku mmoja beringi ikaungua kabisa na simu yake haikulia. Kinu kilisimama siku mbili.

Fundi wa pale, mzee ambaye hajawahi kugusa tarakilishi, alisogeza kikombe cha chai ya moto mbele ya kasha. Kwenye skrini hakukuonekana kitu. Akasema, "Kijana, hebu fungua huo mlango." Nikafungua, na kikombe kikawaka cheupe pepepe. Kumbe kioo nilichokiona kinapitisha mwanga kilikuwa ukuta kwa kamera ile. Na doa la katikati? Ni joto la kamera yenyewe, inajitazama kama mtu kwenye kioo cha kunyolea.

Usiku huo sikulala. Nilitaka kujua: kama kioo cha kawaida kinazuia joto, ndege za kivita zinaonaje usiku?

Jibu liko kwenye urefu wa mawimbi. Macho yetu huona mwanga wa mikrometa 0.4 hadi 0.7 hivi. Vihisi vingi vya kijeshi hutazama pia miali ya infraredi ya mikrometa 3 hadi 5, na kioo cha dirisha huanza kuifungia njia mapema kabisa katika eneo hilo. Kwa hiyo wanahitaji dirisha linalopitisha mwanga wa kawaida na miali hiyo pia, tena ligumu kiasi cha kustahimili mchanga na mvua kwa mwendo wa ndege. Yakuti samawi ni chaguo moja, na ndiyo iliyowekwa kwenye kifaa cha kulenga shabaha chini ya pua ya ndege ya F-35. Lakini yakuti ni fuwele moja inayokuzwa polepole kutoka kwenye alumina iliyoyeyuka, na kupata kipande kikubwa ni kazi ngumu na ghali.

Hapo ndipo kauri inapoingia. Kampuni ya Raytheon ya Marekani iliendeleza kauri ya alumini, oksijeni na nitrojeni inayoitwa ALON. Mwaka 2002 teknolojia hiyo ilichukuliwa na Surmet, kampuni ya Massachusetts. Mshindani wake ni spineli, kauri ya magnesiamu na alumini. Zote mbili huanza kama unga, ndiyo, unga kama wa kinuni! Unga hugandamizwa kuwa bamba, huchomwa kwenye tanuri kali, kisha mara nyingi hukandamizwa tena kwa gesi moto yenye shinikizo kubwa ili vitundu vilivyobaki vizibe. Mwisho husuguliwa kwa almasi hadi ling'ae.

Kitundu ndicho adui. Vitundu vidogo kuliko unywele, hata vikiwa sehemu ndogo sana ya bamba, hutawanya mwanga na kuifanya kauri iwe nyeupe kama kikombe cha chai. Na ukubwa huongeza taabu. Bamba husinyaa likichomwa: likisinyaa kwa asilimia 17, dirisha la sentimita 60 lazima lianze likiwa na sentimita 72 hivi. Upande mmoja ukipata joto zaidi ya mwingine, bamba hupinda au hupasuka. Baya zaidi ni kwamba kasoro nyingi hazionekani vizuri mpaka limesuguliwa, baada ya gharama yote kuingia.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Sisi waandishi wa programu tuna msemo wetu: tutarekebisha toleo lijalo. Kauri haina toleo lijalo. Ikitoka tanurini na kasoro, imetoka. Na anayetazama kupitia dirisha lile anaamua nani ni adui na nani ni mchungaji wa mbuzi. Siwezi kuusifu ufundi huu bila kulikumbuka hilo.

Lakini kauri hizi hazikuanzia vitani. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Robert Coble wa General Electric aligundua kwamba ukichanganya alumina na magnesia kidogo sana, vitundu hutoka wakati wa kuchoma. Kauri ile ikawa mrija wa ndani wa taa za sodiamu, zile za njano zilizomulika barabara nyingi za miji yetu. Nilisomea darasa la nane chini ya taa kama hiyo bila kujua.

Nilimrudishia mteja pesa za wiki zile mbili, nikamweleza wazi kwamba programu haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi. Hata ALON isingenisaidia, maana kamera yangu hutazama mikrometa 8 hadi 14, mbali kuliko inavyopitisha. Nilinunua dirisha dogo la jermaniamu, ambalo kwa macho yetu ni la kijivu, halionyeshi ng'ambo kabisa. Fundi alipoliona akacheka: "Sasa umeweka bati?"

Nikamwomba alete chai. Kikombe kikawaka.

Tukutane tena wiki ijayo, tutarudi kwenye msimbo. Nawe ukikwama, kabla ya kuandika upya programu yako, uliza kwanza inatazama kupitia nini.