Neno Atalibeba Nani?

Mchana mimi ni konda wa daladala, usiku naandika riwaya. Kwa hiyo nina sababu zangu za kumpenda Charles Gilpin.

Jamaa huyu alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1878. Kipaji anacho, lakini jukwaa la Marekani enzi zile halikumlisha mtu mweusi. Akafanya kazi ya kupiga chapa, akahudumia abiria kwenye treni, akaendesha lifti. Novemba 1920 kikundi kidogo cha New York, Provincetown Players, kikampa nafasi ya Brutus Jones katika tamthilia ya Eugene O'Neill, The Emperor Jones. Siku zile nafasi kama hiyo kwa kawaida alipewa Mzungu, akajipaka masizi usoni. Gilpin akacheza, mji ukatikisika. Mwaka 1921 chama cha Drama League kikamtaja miongoni mwa watu kumi waliofanya makubwa katika tamthilia. Eti baadhi ya wanachama hawakutaka akae nao kwenye chakula cha jioni! Wengine wakamtetea, naye akaenda.

Lakini ugomvi unaoninyima usingizi ni mwingine. Tamthilia ile ilijaa tusi ambalo Wazungu waliwaitia weusi. Usiku baada ya usiku Gilpin alilitamka, mpaka akaanza kulibadilisha na kuweka neno lenye heshima kidogo. O'Neill akawaka. Mchezo uliporudi New York mwaka 1924, na ulipokwenda London mwaka 1925, nafasi akapewa Paul Robeson. Gilpin akafariki mwaka 1930.

Najua wenzangu tunaoandika watasema maandishi ni mali ya mwandishi. Sawa, hata mimi ningekasirika. Lakini hebu tufikirie, jamani. O'Neill aliliandika lile neno akiwa mezani, akamaliza. Gilpin alilisema mbele ya watu, kisha akatoka nje akaitwa hilohilo barabarani. Mimi kila siku naitwa muhuni na abiria asiyejua hata jina langu, basi naelewa.

Katika riwaya yangu yumo konda, naye anaitwa muhuni. Sijalifuta, maana ndivyo mji ulivyo. Ila akitokea siku moja mtu wa kumwigiza, kabla hatujaanza mazoezi nitamuuliza: neno hili linakaaje mdomoni mwako?