Nilimharamishia Mama Funga Yake

Nilimwambia mama yangu, mbele ya majirani na wanangu, kwamba funga yake ni haramu. Naliandika jambo hili kwa sababu kila Ramadhani ikikaribia ukingoni nawasikia vijana wakiwasemesha wazazi wao kama nilivyomsemesha wangu.

Ugomvi wenyewe hakuna nyumba ya Kiislamu Tanzania isiyoujua. Mwezi wetu una siku 29 au 30, na jioni ya siku ya 29 ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaongoja mwezi uonekane hapa nchini au kwa jirani zetu na Mufti atangaze. Wapo wanaosema ukionekana popote duniani umeonekana kwa wote. Mimi ni wa hawa wa pili. Mama, kama wazazi wake hapa Tanga, ni wa wale wa kwanza.

Hoja nilikuwa nazo, na kila futari nilizimwaga. Nilimwambia Tanga na Makka ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, nyuzi 39 mashariki na kitu, na saa zetu na zao ni zile zile; vipi basi wao wale Idi na sisi tufunge? Kisha nikatia na siasa. Kwenye darsa zetu mwezi unaotangazwa tuliuita mwezi wa serikali. Neno hilo lina historia yake: mwaka 1968 serikali iliipiga marufuku EAMWS, jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, na mwaka huo huo BAKWATA, baraza la Mufti, ikaundwa. Tangu hapo wapo Waislamu wasioacha kuliangalia baraza hilo kwa shaka, na shaka hiyo huzuka upya kila mwezi unapoandama. Lakini mama hakuwahi kuingia kwenye mjadala huo. Yeye alikuwa akisikiliza redio. Akisikia umeandama anamshukuru Mungu, akisikia bado anaamka daku. Nikambebesha ugomvi usio wake.

Mwaka ule redio ilisema mwezi haujaonekana. Kwenye simu yangu ujumbe ukaingia kwamba umeonekana, mbali na hapa.

“Umeuona wewe?” mama akaniuliza.

“Umeonekana, mama. Mashahidi wapo.”

“Mimi nakuuliza wewe, mwanangu.”

Sikumjibu.

Asubuhi tuliswali Idi kwenye kiwanja cha mpira, kisha nikaenda na familia yangu kwa mama, kwa kuwa Idi zetu zote tulizoea kuzilia uani kwake. Nikaagiza pilau lipikwe hapo hapo, kwenye mafiga yake, naye amefunga. Alikuwa kibarazani na majirani, sinia mapajani, anamenya mihogo ya futari. Mwanangu mdogo akampelekea sahani.

“Ahsante, mjukuu wangu. Bibi leo amefunga.”

Hapo nikasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu: “Kufunga siku ya Idi ni haramu, mama. Na unajua.”

Mkono wake ukasimama, kisu kikiwa katikati ya muhogo. Jirani mmoja akainamisha macho. Mama akamalizia kuumenya muhogo ule, akautia kwenye maji, akauchomoa mwingine akaumenya nao mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani na sinia lake. Hakunijibu neno, nami nikadhani nimeshinda.

Idi yake ilikuwa kesho yake. Sikuwapeleka watoto. Nilisema Idi imeshapita, kwenda kusherehekea tena ni kushiriki makosa. Mchana akamtuma mtoto wa jirani na hotpoti. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina, na juu ya kifuniko kitambaa alichokifunga mafundo madogo, kila fundo na pesa ya sikukuu ya mjukuu mmoja. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa chakula, nawe hutia chochote ndani yake unaporudisha. Mimi nilikirudisha na mkate wake na mafundo yake. Nimefikiri sana juu ya tusi lililo kubwa kuliko hilo kwa mama wa Pwani, sijaliona.

Usiku ule mwanangu akaniuliza, “Baba, bibi atachomwa moto?” Alikuwa amesikia neno haramu, na madrasa anafundishwa haramu mwisho wake ni wapi.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja mzee nikiamini ataniunga mkono. Akaniunga kwenye mas'ala yenyewe: wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali, wamesema mwezi mmoja unawalazimu wote. Akaniambia pia kwamba kwa Mashafi, ambao ndio wengi kwetu, kauli yenye nguvu ni kuwa kila upande una mwezi wake. Kisha akaniuliza kama naijua habari ya Kuraib. Naijua, iko katika Sahihi Muslim, lakini nilikuwa naipita haraka. Kuraib aliuona mwezi Sham usiku wa kuamkia Ijumaa. Aliporudi Madina, Ibn Abbas akamwambia wao waliuona usiku wa kuamkia Jumamosi, na wataendelea kufunga mpaka watimize 30 au wauone. Ibn Abbas alikuwa bwana, Kuraib aliyewahi kuwa mtumwa wake. Hesabu zao zilipishana, na riwaya haina ukali wala neno haramu.

Lililoniumiza zaidi ni la mwisho. Mashafi wanasema aliyeuona mwezi wa Shawali kwa macho yake, peke yake, atafungua, na afiche kula kwake. Huyo kauona! Mimi niliyesoma ujumbe kwenye simu niliwasha moto uani kwa mtu aliyefunga.

Kosa langu basi nalijua, na si la kuhesabu mwezi, kwani msimamo wangu haujabadilika. Nilichukua hitilafu ambayo maimamu waliishi nayo bila kugombana, nikamwaibisha nayo aliyenizaa, nikawakatia wanangu njia ya kwa bibi yao, na nikaita hayo dini.

Nilimwomba radhi mama, na kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele ya watu, niliwaendea majirani wale pia na kuwaambia nilikosea. Mama alisema amenisamehe, ila niwaeleze watoto. Hilo limekuwa gumu. Yule mdogo, bibi akikataa chakula mchana, bado hunigeukia anitazame usoni.

Siku hizi nakula Idi yangu kwangu, bila makeke. Kesho yake, kama mwezi umetugawa, tunavaa tena nguo za sikukuu na kwenda kula kwa mama.

Vijana wenzangu mnaoshika mwezi ulioonekana popote, ushikeni. Lakini msipike mbele ya mzazi aliyefunga, msimsomee hukumu mbele za watu, na siku yake ikifika nendeni na watoto mkale chakula chake.