Mlinzi wa Ndugu Yake

Walikale ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000 za misitu na mito, na polisi ni wachache. Mwaka 2010, kati ya Kibua na Mpofi, vijiji 13 vilivamiwa siku nne, msaada ulichelewa. Kwa hofu ya namna hiyo vijana wengi, hapa na Masisi, walishika bunduki. Baadaye bunduki zilezile zikawatoza mama zao ushuru njiani. Sheria ya 2011 yaonyesha njia nyingine: polisi ya ujirani, raia na polisi wakishauriana. Basi tuseme tulichokiona, wala tusimshtaki jirani kwa kabila lake: jina lililotajwa kwa chuki huua kama risasi. Kaini alikataa kuwa mlinzi wa ndugu yake, sisi tukubali.