Mipira ya joto au ya misimu yote: jibu kwa wamama waliouliza



Maswali yamekuwa mengi tangu gari la chama livae mipira mipya. Kwa nini tulilipa dola 360 kwa mipira minne, wakati kwa wauzaji wa okazioni minne mingine ingetoka kwa 140? Kwa nini tuliacha ile iliyoitwa ya misimu yote, ambayo kwa jina lake tu inaonekana kumaliza mambo yote? Na ile mashini ya pili ya kushona tuliyowaahidi wasichana wa atelye iko wapi? Feza ni zenu, na kuuliza ni haki yenu. Sisi wa kamati tunajibu hapa, polepole, kwa sababu wengi wetu tuna gari nyumbani, au bwana, mtoto ama jirani mwenye gari, na kila siku tunapanda magari ya watu bila kutazama chini.

Gari letu mnalijua. Ni Toyota Mark X, lilitoka Japani likapitia bandari ya Dar es Salaam mpaka kufika kwetu Lubumbashi. Lina silinda 6, na nguvu yake inasukuma magurudumu ya nyuma. Tulilinunua kwa sababu bei ilikuwa nzuri na maarusi wanalipenda. Siku za ndoa linabeba bibi arusi; siku nyingine linapeleka wamama wachuuzi Kasumbalesa, kilometa kama 90, au Likasi, kama 120. Feza linayoleta inalipa masomo ya watoto wetu yatima. Si gari la mashindano, lakini ukilikanyaga linaitika haraka. Gari la namna hiyo linaomba mipira inayoweza kulisimamisha, maana kukimbia linajua lenyewe.

Lilikuja na mipira yake ya Japani. Ubavuni iliandikwa neno STUDLESS, na tangu siku ya kwanza kwado wetu alitikisa kichwa. Hiyo ni mipira ya theluji. Sehemu za kaskazini ya Japani theluji huanguka miezi mingi, na watu huko huvalisha magari yao mipira laini sana, yenye mikato midogo midogo kama ya wembe, ili ishike barafu. Gari likiuzwa wakati wa baridi, linaondoka nayo miguuni. Kwetu, katika joto la mwezi wa kumi linalopita digrii 30, mpira ule unakuwa kama kifutio cha mwanafunzi: unajisugua na kuisha. Shofere wetu alisema gari linacheza-cheza katika kona, kama limevaa kandambili za sponji. Mwaka wa pili haujaisha, mipira ilikuwa inakaribia alama ya mwisho. Basi ikabidi kununua.

Muuzaji alituwekea makundi mawili. La kwanza lilikuwa la okazioni kutoka Ulaya, dola 35 mmoja, na akaliita «katre sezoni», yaani misimu yote. La pili lilikuwa jipya kabisa, dola 90 mmoja, «ya ete». Na hapo ndipo mabishano yalipoanza kati yetu, kwa sababu ya tafsiri. Mama mmoja aligeuza neno hilo la pili kwa Kiswahili akasema: «Ni mipira ya kiangazi.» Wengine wakaruka: «Kiangazi? Na mvua ikianza mwezi wa kumi na moja tutafanya nini? Tununue ile ya misimu yote!»

Wamama, neno hilo nusura litununulie mipira isiyotufaa. Kiangazi chetu ni wakati usio na mvua, tena ni wakati wa baridi ya asubuhi. Kiangazi cha Wazungu ni wakati wa joto, na mvua inanyesha ndani yake kama kawaida. Aliyetengeneza mpira ule hakuwaza ukavu, aliwaza joto. Kwa hiyo tuliamua kuuita mpira wa joto, na tunaomba nanyi muuite hivyo. Misimu minne inayohesabiwa kwenye ule mpira mwingine ni ya kwao, na ule wa nne ni theluji. Misimu yetu miwili, wa mvua na wa kiangazi, yote inaingia ndani ya mpira wa joto.

Tulimpigia simu dada wa mwenzetu mmoja anayekaa Köln, Ujerumani, yeye anaishi na jambo hili kila mwaka. Alitueleza hivi. Nyama ya mpira wa joto inaanza kuwa ngumu hali ya hewa ikishuka chini ya digrii 7 hivi, na mpira mgumu hauishiki njia. Kwa hiyo watu wengi huko wana mipira minane: minne ya joto, minne ya baridi, na huivalisha kwa zamu. Wanahesabu kuanzia mwezi wa kumi mpaka Pasaka. Asiyetaka kazi hiyo ananunua ya misimu yote, ambayo ni mapatano: imelainishwa kidogo ili isife katika baridi, imekatwa mikato ili ishike theluji kidogo, na kwa hiyo katika joto inasimama mbali zaidi kuliko mpira wa joto wa daraja lake. Kwa mtu wa Köln mwenye gari dogo la kwenda sokoni, mapatano hayo yana akili. Anapoteza kidogo huku, anapata kidogo kule. Sisi tungepoteza huku bila kupata kule, kwa sababu kule ni theluji.

Mama wetu mmoja mwerevu aliuliza: na baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba? Ni kweli, alfajiri za miezi hiyo Lubumbashi hushuka mpaka karibu na digrii hizo 7. Lakini jua likipanda njia inapata joto, na mpira wenyewe unajipasha ukitembea. Shofere wetu akiondoka saa kumi na moja asubuhi kwenda mpakani, anaenda pole katika kilometa za kwanza. Hiyo ndiyo dawa, na haina bei.

Sasa mvua. Hapa tunataka mtusikilize sana, maana ndipo watoto wetu wanapokufa. Jina la mpira si kitu cha kwanza cha kuokoa gari katika maji. Cha kwanza ni urefu wa mifereji yake. Mifereji inakusanya maji na kuyatupa nyuma. Mpira mpya una kama milimita 8. Ukifika 1.6, vile vijiwe vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mfereji vinakuwa sawa na uso wake, na mpira umekwisha. Lakini katika dimbwi zito na mwendo mkubwa hatari inaanza mapema zaidi. Maji yakikosa pa kupita yanaingia chini ya mpira, gari linapanda juu ya maji kama pirogi, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kama si wako. Kwenye njia ya Kasumbalesa malori ya shaba yamechimba mikondo miwili katika lami, na mvua ikinyesha mikondo hiyo inajaa maji. Tulipima ile ya okazioni kwa kijiti cha kiberiti na rula ya mtoto: kingia kijiti ndani ya mfereji, weka alama kwa ukucha, soma. Tulipata milimita 4 na kidogo. Nusu ya maisha yake ilibaki Ulaya.

Tena tulisoma tarehe yake. Hili kila mama anaweza kulifanya, hata kwenye gari la kukodi kabla ya kupakia watoto. Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ile ilikuwa 1416: wiki ya 14 ya mwaka wa 2016. Mpira unazeeka hata ukikaa bila kutembea. Nyama yake inakauka, na ukiinama vizuri unaona nyufa ndogo kama za kisigino cha kiangazi. Iling'aa, lakini ni rangi walipaka.

Ilikuwa pia na alama M+S peke yake. Alama hiyo mtengenezaji anajiwekea kwa kutazama umbo la mikato, bila kupimwa kwenye theluji. Iliyopimwa ina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na nyota ya theluji ndani. Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, yenye M+S peke yake haikubaliwi tena kama mipira ya baridi. Unaelewa basi kwa nini mwenyewe aliiachilia.

Kijana wetu wa shofere naye alikuwa na ndoto yake. Alitaka tubadili na rimu, tuweke za inchi 18 na mipira mipana ya michezo, ile yenye ubavu mwembamba, «ili gari liheshimike». Mpira wa michezo ni wa joto pia, na kwa kweli unashika lami kuliko wote. Lakini tulichukua kalamu. Mpira wetu ni 215/60 R16: upana ni milimita 215, na ubavu ni asilimia 60 ya upana, ndiyo milimita 129. Ule wake wa 225/45 una ubavu wa milimita 101. Milimita 28 zinazopungua ndizo zinazopokea shimo badala ya rimu. Na mashimo yetu, nani asiyeyajua? Tena nyama ya mpira wa michezo inaisha mapema. Kijana alinuna siku mbili, kiisha akakubali. Siku hizi anawafundisha wenzake hesabu hiyo kwenye kituo.

Tulibaki na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika nguzo ya mlango wa shofere, pamoja na upepo wake. Herufi ya mwendo tulichukua H, inayovumilia mpaka kilometa 210 kwa saa. Hatumtumi mtu kwenda mbio hizo! Ila herufi hiyo inasema pia mpira unavumilia moto kiasi gani, na gari lenye watu watano na magunia ya mpakani, upepo ukiwa pungufu, linapika mpira mpaka unapasuka.

Kuna mama aliyetukumbusha jambo tulipokuwa tunahesabu feza, na tukanyamaza wote. John Boyd Dunlop alisajili mpira wake wa upepo mwaka wa 1888, na dunia ikaanza kuutafuta kwa njaa. Katika miaka ile ya Leopold II, kule Équateur na kwingine, wamama walifungwa kama rehani mpaka waume zao warudi kutoka porini na mzigo wa mpira uliotakiwa. Mpira uliondoka hapa kwa njia hiyo. Leo unaturudia umechakaa nusu, na tunaambiwa tushukuru kwa bei. Hatukusema neno hilo kwa muuzaji, yeye naye anatafuta chakula cha watoto wake.

Hatusemi kila mama aache misimu yote. Aliye na gari linaloshinda kwenye avenyu za udongo, ambako mvua moja inageuza kila kitu kuwa matope, mikato mipana ya M+S inaweza kumsaidia kutoka, hasa kama hakimbii na hapandi lami mara nyingi. Pikapu ya shamba ina mahitaji mengine kabisa. Sisi tulichagua kwa ajili ya gari lenye nguvu, njia ya lami, joto na mvua.

Kura ilipigwa siku ya posho. Wamama 14 walitaka mipya, 7 walitaka okazioni na mashini ya kushona inunuliwe mara moja. Hao 7 hawakuwa wajinga. Wasichana 9 wanapokezana mashini moja, na mama mlezi wao alilia mkutanoni. Tulipatana hivi: robo ya kila feza ya arusi, kuanzia mwezi huu, inawekwa pembeni kwa ajili ya mashini, na mama mweka feza ataleta daftari kila mkutano ili wote waone. Kufikia leo kuna dola 45 ndani.

Mipira miwili ya zamani kwado amekata viatu, mingine miwili tumeiweka uani kwa atelye, imepandwa lengalenga. Wa akiba bado ni ule wa theluji, ndio uliobaki buti. Mama yeyote anayejua mahali penye 215/60 R16 wa joto, mmoja tu, wa tarehe isiyozidi miaka mitano, atuambie mkutanoni au apitie kwa katibu. Aje na tarakimu zake nne zimeandikwa kwenye karatasi.