Maji ya Mgongoni

Daktari alipotaka kutoa maji ya uti wa mgongo wa mpwa wangu, nyanya, aliyekuwa mlezi wake, alikataa katakata: “Sindano hiyo itamlemaza!” Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nikaombwa kutafsiri. Nilimweleza kuwa uti hukomea juu ya pale panapodungwa. Kwamba maji yakitoka na ukungu, sukari ikiwa imepungua na chembe nyeupe zimezidi, huenda bakteria wamevamia utando wa ubongo. Watafiti hupima hata kemikali ambazo neva hupashana habari kwazo. (Hapo “neva” ilinitoa jasho; nikasema “mishipa ya fahamu”.) Nyanya alinyamaza kitambo.

“Mjukuu wangu, wewe mwenyewe umeyaamini hayo?”

Nilijibu ndiyo kabla sijawa na hakika. Akatia kidole gumba kwenye wino.