Mko aje wakuu, naomba msaada

Haya, nimerudi. Mwezi huu wasomaji wawili wameniandikia swali karibu lilelile: wanataka kujifunza kuandika programu, sasa waanzie wapi, na wakikwama wamuulize nani? La kwanza ni rahisi. La pili nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu kila nikitaka kulijibu nakumbuka jambo nililolifanya mwaka 2023, na si jambo la kujivunia.

Kwa wasiojua, sisi waandishi wa programu hatukai na majibu yote kichwani. Tunaulizana. Wakati huo nilikuwa katika kikundi kimoja cha WhatsApp cha watu wa Nairobi, jina sitalitaja, tukiwa zaidi ya mia mbili. Wengine wamesoma chuo kikuu kama mimi, wengine wamejifundisha wenyewe usiku baada ya kibarua. Ukikwama unabandika swali, mwenye kujua anakujibu. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Jioni moja akaingia mtu mpya. Namba tu, hana picha. Akaandika:

"Mko aje wakuu. Naomba msaada kidogo na Python."

Kisha kimya. Dakika kumi zikapita, mtu anangoja.

Wewe msomaji pengine huoni kosa hapo. Mtu amebisha hodi, amesalimu, anangoja aambiwe karibu. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiingia kwa mtu ukaanza moja kwa moja na shida yako bila hata "habari ya leo", watauliza umetoka kwa nani. Lakini katika dunia ya programu mambo yamegeuzwa. Sheria inasema: usiombe ruhusa ya kuuliza, uliza. Salamu tupu inamfanya mtu aache kazi yake, ajibu "poa", halafu akae akingoja swali lenyewe. Sheria hiyo ina mantiki, sikatai. Basi mmoja wetu akamjibu vivyo hivyo, "Uliza swali, usiombe kuuliza," na salamu yake ikabaki pale bila kuitikiwa.

Akatuma picha. Ameipiga kwa simu, kompyuta imekaa upande, mwanga wa taa umeangukia katikati ya skrini na nusu ya msimbo haisomeki. Chini yake akaandika: "Inanipa 5020 badala ya 70."

Hapo ndipo kikundi kilipochangamka. Stika zikamiminika. Mmoja akauliza kama picha imepigwa kutoka ndani ya matatu. Mwingine akamwambia abandike msimbo kama maandishi, jambo ambalo ni haki kabisa, maana picha huwezi kuinakili ukaijaribu kwenye kompyuta yako. Na mimi, nikiwa nimekwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, sina la kufanya, nikaandika: "Hilo swali liko Google mara elfu. Soma kitabu kwanza."

Nikapata vidole gumba saba. Nakumbuka ni saba kwa sababu nilivihesabu.

Yule mtu hakuandika tena. Usiku nikaifungua ile picha, tena si kwa nia njema, nilitaka kumwonyesha mwenzangu tucheke. Nikaivuta ikawa kubwa. Kwenye kona, ukutani nyuma ya kompyuta, kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: KRA, HELB, eCitizen, photocopy, lipa kabla ya kuketi. Karatasi ile naijua. Nilichapisha barua zangu za kuomba kazi chini yake. Ilikuwa saiba ya Makongeni, laini mbili kutoka nyumba niliyokulia.

Makongeni, kwa wageni wa Nairobi, ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, jirani na Kaloleni. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa laini, na kila mtu alijua mtoto wa kila mtu. Jumamosi nikaenda. Mwenye saiba alinionyesha kijana bila hata kufikiri, "yule wa mama mboga, anakujanga na flashi yake." Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Nikamwambia nimesikia anajifunza Python, nami ndiyo kazi yangu, akitaka tuangalie pamoja. Sikumwambia zaidi ya hapo.

Programu yake ilikuwa fupi hivi:

sukuma = input("Sukuma: ")
nyanya = input("Nyanya: ")
print(sukuma + nyanya)

Alitaka kumpigia mama yake hesabu za kibanda. Sukuma shilingi 50, nyanya shilingi 20, jumla iwe 70. Kompyuta inamwambia 5020. Kwa wale wasioandika programu: neno "input" linapokea unachokiandika kwenye kibodi, na katika Python ya leo chochote unachokiandika kinapokelewa kama maandishi, hata kama ni tarakimu. Ukijumlisha maandishi na maandishi, yanaunganishwa. "50" na "20" yanakuwa "5020", kama vile "mama" na "mboga" yangekuwa "mamamboga". Dawa yake ni kuzungushia neno "int", ili kompyuta ijue kwamba hii ni namba. Sekunde tano.

Lakini nikamuuliza, mbona hukusoma kitabu? (Ndiyo, nilikuwa na uso wa kuuliza hivyo.) Akafungua begi akatoa karatasi zilizobanwa kwa pini. Ni sura tatu za kitabu, alizichapisha hapo saiba. Akanionyesha mstari. Kitabu kilikuwa kimeandika "input" hivyohivyo, na mfano wake ukatoa jumla sahihi.

Kitabu kilikuwa cha Python 2.

Hapa naomba mnivumilie kidogo. Python 3 ilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaacha kuhudumiwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Katika ile ya zamani, "input" ilikuwa inachukua ulichokiandika na kukitekeleza kana kwamba ni msimbo, kwa hiyo 50 ilikuwa namba kweli. Ni jambo la hatari, maana mtu angeweza kuandika amri mbaya nayo ikatekelezwa, ndiyo sababu wakalibadilisha. Ila vitabu vya bure vinavyozunguka kwenye flashi havikubadilika. Kijana alikuwa amefuata kitabu herufi kwa herufi.

Nikamuuliza tena: lakini "print" nayo ilibadilika, kitabu chako hakina mabano, wewe umeweka. Nani alikwambia? Akasema kompyuta ndiyo iliyomwambia. Na ni kweli. Ukiandika "print" kwa mtindo wa zamani, Python 3 inakujibu kwamba umesahau mabano, na matoleo ya karibuni yanakuuliza kama ulikuwa unamaanisha hivi, yakikuonyesha. Kwenye "input" hakuna kosa la kuonya, programu inatembea vizuri tu na kutoa jibu la ajabu. Kwa hiyo pale mashine ilipoweza kumsaidia ilimsaidia. Iliposhindwa, akatuuliza sisi.

Na ile picha? WhatsApp yake iko kwenye simu, kompyuta ni ya saiba, na alikataa kufungua WhatsApp yake kwenye mashine ya watu wote kwa sababu atakayeketi baada yake anaweza kusoma ujumbe wake. Kuna watu ofisini kwetu wasiojua kujilinda hivyo. Kuhusu Google: simu ilikuwa na bando la WhatsApp peke yake. Saiba ilikuwa shilingi moja kwa dakika, naye alikuwa ameshalipia arobaini akihangaika na 5020.

"Kuna msee aliniambia nisome kitabu," akasema. "Na nilikuwa nimesoma."

Nikanyamaza. Tulipokuwa tunaondoka ndipo nikaona nitakuwa mwongo mara mbili, nikamwambia yule msee ni mimi. Akacheka kidogo, akitazama chini. "Nilijua, bro. Jina lako liko pale kwa group." Alinitambua tangu nilipojitambulisha mlangoni, akaketi nami saa nzima bila kunitia aibu mbele ya mwenye saiba.

Kwenye kikundi hakurudi. Nilimwomba mara mbili.

Sasa, ugomvi huu si wetu peke yetu wala haukuanza juzi. Zamani kwenye Usenet kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo vya Marekani walikuwa wakimiminika bila kujua adabu za mahali, wakongwe wanawakemea mwezi mmoja, mambo yanatulia. Kisha watu wa kawaida wakafunguliwa mlango, wateja wa AOL wakiwemo, na mafuriko hayakukauka tena. Wakongwe wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha, ile iliyoanza mwaka 1993. Mwaka 2001 Eric Raymond akaandika mwongozo mrefu wa namna ya kuuliza maswali kwa akili: eleza ulichojaribu, ulichotarajia, na kilichotokea. Ni mwongozo mzuri, na ndani yake ameandika wazi kwamba adabu haimdhuru mtu. Tatizo ni kwamba watu wengi hawautumi ili usomwe. Wanautupa kama kofi.

Stack Overflow, iliyoanzishwa na Jeff Atwood na Joel Spolsky mwaka 2008, ilichukua njia kali zaidi. Pale salamu na "asante" huhesabiwa kuwa kelele, wahariri wanazifuta. Mara ya kwanza nilipojua hilo nilicheka, maana ingekuwa ni kwetu mtu anayekufutia salamu angeitiwa wazee. Lakini lengo lao lilikuwa tofauti na la kikundi. Swali pale haliandikwi kwa ajili ya anayeuliza tu, linaandikwa kwa ajili ya maelfu watakaolikuta baadaye wakitafuta. Mimi binafsi nimeokolewa na majibu ya watu wasiojua kwamba nipo. Hata hivyo, Aprili 2018 Jay Hanlon wa kampuni hiyohiyo aliandika hadharani kwamba mahali pao hapakaribishi watu vya kutosha, hasa wageni, wanawake na wengine walio pembezoni, na Agosti mwaka huo wakatoa kanuni mpya za mwenendo. Wakongwe wengi walikasirika. Nawaelewa pia: unajibu maswali bure kwa miaka, kisha unaambiwa wewe ndiye mkali. Kujibu swali moja mara ya arobaini kunachosha kweli, tusidanganyane.

Kinachonikera ni kwamba siku ile mimi sikuwa nimechoka. Nilikuwa kwenye foleni ya magari. Kumwandikia "weka int" kungekuwa kufupi kuliko niliyoyaandika.

Kuna kitu kingine. Ukienda kwa mafundi wa Gikomba utakuta mwanagenzi anatukanwa tangu asubuhi, anaitwa kila jina, lakini jioni bado ameshika spana na fundi bado anamwonyesha. Anatukanwa akiwa ndani. Sisi tulimtukana kijana akiwa mlangoni, na mlango wetu hauna mtu wa kumvuta mkono aingie. Fundi pia anamwona mwanagenzi wake: anaona viatu vyake, anajua hajala. Sisi tuliona picha iliyopinda tukaamua kwamba ni uvivu.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wageni wengi wamehamia huko, na maswali mapya Stack Overflow yamepungua sana. Siwalaumu. Haikuambii swali lako lilishaulizwa, haitumi stika, inajibu saa nane za usiku. Ingemtatulia kijana 5020 kwa mstari mmoja. Nina mashaka mawili tu. Kuna wakati inakosea kwa kujiamini kabisa, na mgeni ndiye asiyeweza kugundua. Halafu swali lake linabaki kwenye simu yake, mwenye shida kama hiyo kesho halikuti popote.

Basi, kwa wale wawili walioniandikia. Ulizeni popote mtakapo, hata hiyo mashine, lakini tafuteni na mtu mmoja mnayeweza kuketi naye. Mnapoandika, wekeni salamu na swali katika ujumbe mmoja, ili wa kusalimiana wasalimiane na wa haraka wajibu. Taja toleo la Python unalotumia na kitabu unachofuata. Bandika msimbo kama maandishi, na kama huwezi, sema kwa nini huwezi: "niko saiba, natumia simu." Maneno manne hayo yangenifunga mdomo.

Kijana aliimaliza programu ya mama yake. Mama mwenyewe aliitumia siku mbili akarudi kwenye daftari, anasema daftari halihitaji stima. Kijana sasa anajaribu kuiweka kwenye simu, na akikwama ananipigia. Mara nyingi ni wakati mbaya.

Yule mmoja aliyeuliza pia laptopu gani ya mitumba inafaa kwa kuanzia, nitaliandikia wiki ijayo.