Alipewa Laki na Nusu Awe Chawa, Akaulizia Mtaro

Kuna dada mmoja wa Dar es Salaam, jina liachwe, ana wafuasi elfu kumi na nane kule Instagram. Sio staa. Hana gari, hana bodigadi, na ile sebule yenye sofa jeupe anayopigia picha ni ya shosti wake. Anauza mawigi. Akivaa wigi jipya asubuhi, mpaka saa nane mchana limeshapata mtu, bodaboda analipeleka Mbezi au Mbagala, maisha yanaenda.

Novemba 2024, zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa, simu yake ikaita. Aliyepiga ni kijana mmoja wa mjini ambaye kazi yake ni kuwapeleka wasanii kwenye mikutano ya wanasiasa. Akamwambia ana dili jepesi. Mgombea uenyekiti wa mtaa wao ana mkutano Jumapili, tarehe 24. Kutakuwa na msanii wa singeli, kutakuwa na fulana na kofia. Yeye anatakiwa apande jukwaani dakika tano, aseme mgombea anatosha, halafu atupie picha tatu na video moja. Malipo laki na nusu, nusu anapewa sasa hivi, nusu kazi ikiisha.

Kwa kifupi alikuwa anaitwa akawe chawa. Na kabla hujamcheka, sikia kwanza hesabu zake.

Mwezi wa nne mwaka huohuo, zile mvua za El Niño zilizoungana na masika, maji yaliingia chumbani kwake saa kumi usiku. Anakaa bondeni, jirani na mtaro unaomwaga Mto Msimbazi. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yamebeba pampasi, chupa za plastiki na kandambili za watu. Mawigi yote alikuwa ameyapanga kwenye mabegi chini ya kitanda. Yaliyopona ni manne tu, yale yaliyokuwa juu ya kabati. Mama yake, mgonjwa wa presha, alibebwa mgongoni na kijana wa jirani mpaka kwenye baraza la duka la Mangi, wakakaa pale wamelowa mpaka kumekucha.

Mwezi huohuo Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeshaua watu 155 nchi nzima. Kwa hiyo yeye na mama yake walijihesabu kuwa na bahati. Lakini ile bahati yao ilikuwa na deni. Mtaji wa mawigi ulikuwa mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya marejesho ya kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Mawigi yameoza, deni liko palepale. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwambia laki na nusu kwa dakika tano, atakataaje? Akapokea nusu yake, elfu sabini na tano, na jioni ileile yote ikaenda kwenye marejesho.

Usiku wa Jumamosi akamweleza mama yake habari za mkutano. Mama hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mwanangu, ukipanda kule niulizie kitu kimoja. Mtaro unazibuliwa lini?"

Dada akacheka. Mama hakucheka. Mama yake amekaa bonde lile miaka mingi. Yale mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini Dar es Salaam mpaka familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, anayakumbuka kama ya jana. "Toka mwaka ule wanakuja kutupa pole," akasema. "Pole haizibui mtaro."

Na ukweli ni kwamba mvua ya Aprili ilikuwa kubwa, hilo hakuna anayebisha. Lakini mtaa wa pili, ambao nao uko bondeni, maji yaliingia uani asubuhi na jioni yakawa yametoka. Kwao yalikaa siku mbili. Tofauti ilikuwa mtaro. Wa kwao ulikuwa umejaa mpaka juu, kwa sababu hela ya taka inakusanywa kila mwezi nyumba kwa nyumba, lakini gari lenyewe linapita siku linayotaka lenyewe. Viroba vinakaa nje wiki mbili, vinatoa funza. Sasa mvua ikianza usiku, watu wanatoka kimyakimya na viroba vyao wanatupa mtaroni ili maji yabebe. Maji hayabebi mbali, yanabeba mpaka nyumba ya chini. Dada huyu naye alishawahi kutupa, na alikuja kukiri mwenyewe. Juu ya hapo, katikati ya mtaro kuna bwana mmoja mwenye fremu za biashara alijenga ukuta, akaacha katundu kadogo ambako hata ndoo haipiti.

Basi Jumapili ikafika. Singeli inapigwa, vumbi linatimka, watoto wamevaa fulana zinazowafika magotini. Mama yake kaletewa kiti cha plastiki cha bluu, kakaa mbele. Dada akaitwa, akapanda, wigi limesimama vizuri, akashika maiki.

"Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo? Nimeambiwa niseme mgombea wetu anatosha, na nitasema. Ila mama yangu yule pale ameniuliza mtaro wa huku bondeni unazibuliwa lini, na mimi jibu sina. Mheshimiwa, naomba unisaidie nimjibu mama."

Kijana wa dili alianza kumpungia mkono di-jei arudishe muziki. Di-jei kweli akaurudisha. Ndipo kina mama wa mbele wakaanza, "Zima! Ajibu kwanza! Ajibu!" Muziki ukazimwa.

Mgombea akachukua maiki, akajibu kama wanavyojibu wote. "Suala la mazingira ni kipaumbele chetu namba moja."

"Sawa mheshimiwa. Lini?"

"Mapema iwezekanavyo."

"Mapema ni mwezi wa ngapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mgombea naye akacheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka. Akasema kabla ya masika. Akaulizwa masika ya lini. Akasema kabla ya tarehe mosi Machi 2025. Akaulizwa kutoka wapi mpaka wapi. Akanyoosha mkono, kutoka darajani mpaka kwa Mangi. Simu kama ishirini zilikuwa juu zinarekodi.

"Asante mheshimiwa. Basi tarehe mosi Machi tukutane mtaroni." Akashuka.

Ile nusu ya pili hakuiona. Kijana wa dili alimtukana kwenye simu kisha akamblock. Kule mitandaoni ndiyo usiseme. Wengine wakamwita chawa aliyegeuka, wengine wakasema kanunuliwa na upande wa pili, wengine wakamwambia auze mawigi aache siasa. Wateja wawili wa kudumu wakahama. Wiki ile alishindwa marejesho siku tatu mfululizo, wale jamaa wa mkopo wakaja wakachukua runinga. Yaani swali moja tu la mtaro lilimtoa runinga sebuleni.

Mgombea alishinda. Hapo ndipo vijana wa mtaa walipofanya kitu cha maana kuliko yote. Kila Jumatatu walikuwa wanatupia ileile video kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, na chini yake wanaandika siku zilizobaki. Hakuna tusi, hakuna kejeli. Zimebaki siku 40. Zimebaki siku 33. Zimebaki siku 26. Mwenyekiti mwenyewe yumo kwenye grupu, anaona.

Wiki ya mwisho ya Februari wakaja vijana kumi na majembe, na kijiko kimoja. Walianzia darajani wakapanda juu, wakatoa malori ya uchafu, mpaka walipofika kwenye ule ukuta wa fremu. Wakaishia hapo, nusu ya safari.

Masika ya 2025 maji yalifika kizingitini kwa mama, yakarudi. Alilala kitandani kwake. Lakini nyumba za juu ya ukuta ziliingiliwa vilevile, na yule kijana aliyembeba mama mgongoni mwaka uliotangulia, safari hii alikuwa anatoa godoro lake mwenyewe.

Walipomfuata mwenyekiti kuhusu ukuta, akawaambia hana mamlaka ya kubomoa. Na kusema ukweli hakudanganya. Hapa ndipo wengi wetu vijana tunapopigwa chenga, tunamuuliza kila mwanasiasa kila kitu, mwisho wa siku hakuna anayejibu chochote. Mwenyekiti wa mtaa umuulize usafi wa mtaa, mikutano, na nani anasimamia hela ya taka. Gari la taka na bajeti ya halmashauri umuulize diwani, kwa sababu yeye ndiye anayekaa kwenye baraza linalopitisha hizo hela. Mbunge umuulize mambo ya sheria na bajeti ya Serikali, ikiwemo hela ya TARURA, ambao ndio wenye barabara za mitaani na mitaro yake. Serikali ina mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ni jambo zuri. Lakini kule juu mitaro midogo ikiendelea kuziba, maji yatawakuta watu nyumbani kwao kabla hata hayajafika kwenye huo mradi.

Na kuuliza sio fadhila unayoomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kila mtu. Hata wewe wa chumba kimoja.

Halafu angalia tofauti ya ahadi. Serikali iliposema mifuko ya plastiki mwisho wake ni Juni 1, 2019, ilitaja tarehe, na ilipofika, rambo zikaondoka madukani. Ndiyo, vile vifuko vyepesi vilijipenyeza baadaye, lakini kila mtu alijua siku ya kuanza kudai. Ile ya nishati safi ya kupikia imeandikwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ina namba na ina mwaka, hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kukaa akahesabu. Sasa linganisha na "tutatunza mazingira". Hiyo utaihesabuje?

Oktoba 29, 2025 ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu, rais, wabunge na madiwani. Wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utaonekana mpinzani. Lakini maji hayakuuliza kadi ya chama yalipoingia chumbani saa kumi usiku. Ulizeni mkiwa wengi, ulizeni kwa heshima, ulizeni mbele za watu na simu zikiwa juu. Ombeni vitu vitatu: kitu gani, wapi, mpaka tarehe ngapi. Na muulize wakati wa kampeni, maana wakati huo ni yeye ndiye anayekutafuta. Ukishapiga kura ni wewe utakayemtafuta, na namba yake haitapatikana.

Dada bado anauza mawigi. Deni alilimaliza mwezi wa sita. Kabla ya uchaguzi huo akapigiwa tena simu, kijana mwingine, safari hii ni mgombea udiwani, dau laki tatu. Akamwambia hamna shida, atakuja, ila mama yake naye atakuja na kiti chake cha bluu, na wana swali moja kuhusu ukuta.

Jamaa akasema atarudi baada ya dakika tano. Mpaka leo hajarudi.

Wewe je, mtaani kwako utamuuliza nani, kitu gani, na mpaka tarehe ngapi?